Santuri za Muziki wa Kielektroniki: Jinsi Sauti Inavyoandikwa Katika Plastiki

Mtu akisimama ufukweni mjini Musoma wakati upepo wa Ziwa Viktoria umetulia, akatupa jiwe majini, ataona viwimbi vikienea kwa duara kutoka mahali jiwe lilipoangukia. Baada ya muda mfupi maji hutulia, na hapabaki alama yoyote ya kuonyesha kwamba jiwe liliwahi kutupwa. Ndivyo ilivyo sauti pia. Sauti ni mtetemo unaosafiri hewani. Mtetemo ukikoma, sauti imekwisha. Kwa maelfu ya miaka, mwimbaji alipofunga kinywa chake wimbo ulibaki katika kumbukumbu za waliousikia tu, nao walipokufa ulikufa pamoja nao isipokuwa kama waliurithisha.

Santuri ni mojawapo ya vyombo vya kwanza alivyobuni binadamu ili kuvigandisha viwimbi hivyo na kuviamsha tena apendapo. Wengi walidhani chombo hiki kimekwisha kuzikwa na kaseti, kisha na sahani za kompakti, kisha na simu za mkononi. Mambo hayakwenda hivyo. Katika mwaka 2022 santuri zipatazo milioni 41 ziliuzwa nchini Marekani, ilhali sahani za kompakti zilizouzwa zilikuwa milioni 33. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987 kwa santuri kuzipita sahani hizo kwa idadi. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba sehemu ya santuri hizo mpya zina muziki uliotengenezwa kwa kompyuta, na baadhi ya muziki huo umetoka Afrika ya Mashariki.

Makala haya yanaeleza jinsi santuri inavyofanya kazi, kwa nini muziki wa kielektroniki huitaabisha, na kwa nini elimu hii yapasa kuwahusu walimu na wanafunzi wa Mkoa wa Mara.

SANTURI ILIKOTOKA

Neno santuri asili yake ni jina la ala ya nyuzi ipigwayo na Waajemi na Waarabu. Chombo chenyewe kilianzia kwa Thomas Edison wa Marekani, ambaye mwaka 1877 alifaulu kuandika sauti juu ya silinda iliyofunikwa kwa karatasi ya bati. Miaka kumi baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner alibuni sahani bapa. Faida ya sahani ilikuwa kubwa: iliweza kuchapwa kwa wingi kutokana na kalibu moja, kama vile kitabu kichapwavyo.

Santuri za mwanzo zilitengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu utolewao na wadudu fulani wa Bara Hindi, ukichanganywa na unga wa mawe. Zilizunguka karibu mara 78 kwa dakika na zilivunjika upesi kama kigae. Santuri za Siti binti Saad, aliyesafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 ili kurekodiwa, zilikuwa za namna hiyo. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ya vinaili izungukayo mara 33 na theluthi moja kwa dakika, na mwaka 1949 kampuni ya RCA Victor ikatoa santuri ndogo ya mizunguko 45. Vinaili ni plastiki ya jamii ya polivinaili kloridi, ile ile ambayo hutengenezewa mabomba ya maji.

Bendi nyingi za Tanzania zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam katika kanda za sumaku, lakini santuri zao zilichapwa Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, njia ya Nairobi, ambayo kwa watu wa Mara hupitia Sirari, ikawa ngumu mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Kwa hiyo nyimbo nyingi zilibaki katika kanda tu. Jambo hili litakumbukwa mbele ya safari.

MFUO NA SINDANO

Santuri ikitazamwa kwa macho huonekana kama ina mistari mingi ya duara. Kwa kweli kila upande una mstari mmoja tu, yaani mfuo mmoja mrefu unaoanzia ukingoni na kujizungusha hadi karibu na katikati. Hesabu ndogo yaweza kuonyesha urefu wake. Upande uchezao kwa dakika 20 huzunguka 20 × 33⅓, yaani mara 667 hivi. Mzunguko wa wastani una nusu kipenyo cha kama sentimita 10, basi mzingo wake ni sentimita 63. Ukizidisha kwa 667 utapata mfuo wenye urefu wa zaidi ya mita 400. Mifuo hiyo 667 imebanwa katika upana usiozidi sentimita 9. Hivyo kila mzunguko umepewa nafasi ya milimita 0.13 tu.

Kuta za mfuo hazikunyooka. Zimechongwa zikiyumba kulia na kushoto kwa kufuata umbo la wimbi la sauti. Sahani inapozunguka, sindano yenye ncha ya almasi husukumwa na kuta hizo, ikatetema. Mtetemo wake huhamishwa kwenye sumaku ndogo iliyo karibu na koili za waya. Na kwa kanuni ya Faraday, ambayo kila mwanafunzi wa fizikia huifahamu, sumaku ikitikisika karibu na koili huzalisha umeme. Umeme huo ni dhaifu mno, hupimwa kwa sehemu za elfu za volti. Amplifaya huukuza, na spika huurudisha kuwa mtetemo wa hewa.

Katika santuri za stirio, ambazo zilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1958, kuta mbili za mfuo hukutana kwa pembe mraba, kila moja ikiwa imeinama nyuzi 45. Ukuta mmoja hubeba sauti ya spika ya kushoto, na wa pili sauti ya spika ya kulia. Sindano moja, kwa hiyo, husoma habari mbili kwa wakati mmoja: ikiyumba kwa ubavu husoma yale yaliyo sawa katika spika zote mbili, na ikipanda na kushuka husoma tofauti zao.

TAABU YA SAUTI NZITO

Muziki wa kielektroniki ni muziki ambao chanzo cha sauti yake ni saketi ya umeme au hesabu za kompyuta, si ngozi ya ngoma, wala uzi, wala pumzi ya mtu. Historia yake inaigusa Afrika tangu mwanzo: mwaka 1944 mjini Cairo, Halim El-Dabh alirekodi sauti za ngoma ya zar katika waya wa sumaku, kisha akazibadilisha kwa vyombo vya redio hadi zikawa sauti mpya kabisa. Robert Moog wa Marekani alionyesha sinthesaiza yake mwaka 1964, na kuanzia miaka ya 1980 vyombo vya namna hiyo vilishuka bei vikawafikia wengi.

Katika Dar es Salaam, vijana wa mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati walizaa singeli kwa kutumia kompyuta za kawaida. Walichukua vipande vya taarabu na ngoma, wakaviharakisha hadi kupita mapigo 200 kwa dakika, na wakati mwingine kukaribia 300. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, wenye kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na baadaye zikafuata Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018 na Uingizaji Hewa ya Duke mwaka 2019. Muziki uliozaliwa ndani ya kompyuta ukaingia katika plastiki.

Hapo ndipo fizikia inapodai haki yake. Mtu ajuaye litungu, ala ya Wakuria yenye nyuzi nane, anafahamu kwamba nyuzi zake za sauti nzito zikipigwa huyumba kwa upana hata jicho likaona, ilhali uzi wa sauti nyembamba hutetema kwa upesi bila kuyumba sana. Mfuo wa santuri hutii sheria hiyo hiyo. Kama kasi ya ncha ya kuchongea ni ile ile, upana wa kuyumba huongezeka kadiri idadi ya mitetemo inavyopungua. Tuseme kasi ya juu kabisa ya ncha ni sentimita 5 kwa sekunde. Kwa sauti ya hezi 1000 mfuo utayumba milimita 0.008 kila upande. Kwa sauti ya hezi 50, ambayo ni besi ya kawaida ya muziki wa kompyuta, utayumba mara 20 zaidi, yaani milimita 0.16. Msomaji atakumbuka kwamba nafasi iliyopo ni milimita 0.13. Mfuo mmoja ungevunja ukuta na kuingia katika mfuo wa jirani.

Ufumbuzi uliokubaliwa tangu mwaka 1954 ni huu: kabla ya kuchonga, sauti nzito hupunguzwa kwa kiasi maalumu na sauti nyembamba huongezwa, na wakati wa kucheza, amplifaya hufanya kinyume chake kwa kiasi kile kile. Sauti ya hezi 50 hupunguzwa karibu mara saba, hivyo kuyumba kwake hushuka hadi milimita 0.023, na mifuo hukaa kwa amani. Faida ya pili ni kwamba mkwaruzo wa vumbi, ambao huwa ni sauti nyembamba, hupunguzwa pia wakati wa kucheza. Hii ndiyo sababu santuri ikiunganishwa na amplifaya isiyo na saketi hiyo hutoa sauti kavu isiyo na besi.

Taabu ya pili inahusu stirio. Mtunzi atumiaye kompyuta anaweza kuiweka besi katika spika ya kushoto na kuigeuza kinyume katika spika ya kulia. Katika faili hakuna dhara. Katika santuri, tofauti hiyo huwa ni kupanda na kushuka kwa sindano. Besi ikiwa kali, mfuo hufikia mahali pa kupotea kabisa na sindano huruka. Kwa hiyo fundi mchongaji huziunganisha sauti nzito zote ziwe sawa pande zote mbili.

Taabu ya tatu ni ya mwendo. Karibu na ukingo, mfuo hupita chini ya sindano kwa kasi ya kama sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na katikati kasi hushuka hadi sentimita 21, ingawa sahani inazunguka vile vile. Katika singeli ya mapigo 240 kwa dakika, yaani manne kwa sekunde, kila pigo hupewa mfuo wa sentimita 13 ukingoni, lakini sentimita 5 tu katikati. Sauti kali nyembamba hubanwa, na sindano hushindwa kuzifuata kwa usahihi. Ndiyo maana muziki wa kucheza dansi aghalabu huchapwa katika sahani kubwa za mizunguko 45 zenye dakika chache kila upande.

KUTOKA KATIKA FAILI HADI KATIKA PLASTIKI

Kazi ya kiwanda huanza kwa sahani ya alumini iliyopakwa vanishi maalumu ya nitroselulosi. Ncha ya yakuti iliyopashwa moto huichonga. Sahani hiyo hunyunyiziwa utando wa fedha ili ipitishe umeme, kisha hutumbukizwa katika myeyusho wa chumvi ya nikeli na kupitishiwa umeme. Hii ni elektrolisisi ile ile ifundishwayo katika kemia: nikeli hujikusanya juu ya fedha, na ikibanduliwa hutoa kalibu yenye matuta mahali palipokuwa na mifuo. Kutokana na kalibu ya kwanza hupatikana nyingine, hadi zipatikane zile za kuchapia. Donge la vinaili lililolainishwa kwa joto huwekwa kati ya kalibu mbili, moja ya kila upande. Mashine hulibana kwa nguvu ya makumi ya tani, na kwa muda usiozidi dakika moja santuri imekamilika. Kalibu moja huchapa takriban nakala elfu moja kabla ya kuchakaa.

Zamani dunia ilikuwa na viwanda vingi vya kazi hii; kufikia karne ya 21 vilikuwa vimebaki vichache. Mwezi wa Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters cha California, kimojawapo cha viwili tu duniani vilivyotengeneza sahani za vanishi, kiliteketea kwa moto. Kikabaki kimoja, nchini Japani. Teknolojia iliyoenea ulimwenguni kote yaweza kuning'inia kwenye uzi mmoja.

JE, SANTURI NI BORA KULIKO FAILI?

Wapenzi wa santuri husema sauti yake ni bora. Vipimo havisemi hivyo. Tofauti kati ya sauti kubwa kabisa na makelele ya chinichini ya santuri ni kama desibeli 60 hadi 70. Katika sahani ya kompakti ni desibeli 96. Muziki uliotengenezwa kwa kompyuta hauwezi kupata habari zaidi kwa kuchongwa katika plastiki. Huweza tu kupoteza kidogo.

Faida ya santuri iko mahali pengine. Santuri yaweza kusomwa bila programu wala nywila. Hata umeme wote duniani ukizimika, sindano na koni ya karatasi vitatoa sauti. Faili huhitaji mashine ielewayo mpangilio wake, na diski ikiharibika hupotea yote kwa mpigo. Kadhalika, santuri huuzwa kama kitu, na mwenye kununua kitu hulipa. Kwa msanii wa Mburahati jambo hilo si dogo.

KUTOLEWA UPYA, NA KITAKACHOTOKEA KAMA CHANZO KIMEPOTEA

Kando ya santuri mpya zipo zile zinazotolewa upya. Mfano mzuri ni wa Hailu Mergia, mpiga kinanda wa Ethiopia aliyehamia Marekani. Mwaka 1985 alirekodi peke yake kwa kodiani, sinthesaiza na mashine ya ngoma, akatoa kaseti. Miaka ikapita, akawa dereva wa teksi mjini Washington. Kisha kaseti yake ikaonekana tena Bahir Dar, mji ulio kando ya Ziwa Tana kama vile Musoma ilivyo kando ya Ziwa Viktoria. Mwenyewe alitafutwa, akatoa idhini, na mwaka 2013 kampuni ya Awesome Tapes From Africa ikaitoa kazi hiyo upya, kwa santuri pia. Mzee akarudi jukwaani, na mwaka 2018 akatoa santuri mpya, Lala Belu.

Mfano huu una mafundisho mawili. La kwanza ni la kisayansi: santuri iliyotolewa upya haiwezi kuwa bora kuliko chanzo chake. Kanda ya sumaku ni utepe wa plastiki uliobandikwa chembe za oksidi ya chuma kwa gundi. Katika aina fulani za kanda gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, huvunjika kwa haidrolisisi na kuwa ya kunata, na kanda ikichezwa chembe hubanduka pamoja na muziki wenyewe. Kanda ikisha kufa, hubaki kutafuta santuri iliyochapwa zamani. Nayo ikiwa imelimwa kwa sindano butu, hayo makovu ndiyo yatakayosikika daima. Nyimbo ambazo hazikuwahi kuchapwa kabisa, kama zile za miaka ya mpaka kufungwa, hazina hata kimbilio hilo.

La pili ni la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka kanuni kwamba kazi ya mtunzi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini haki isiyokuwa na ushahidi ni ngumu kudaiwa. Kampuni ya ng'ambo ikitaka kutoa upya wimbo wa Mara, itauliza: nani alitunga, nani alipiga, lini, wapi? Kama hakuna aliyeandika majibu, huenda wimbo ukauzwa Ulaya na mjane wa mtunzi asipate hata habari.

KAZI ILIYO MBELE YA SHULE

Si ajabu kukuta santuri au kaseti za zamani zikiwa zimelundikwa juu ya kabati, Musoma, Bunda au Butiama. Vinaili haidhuriwi na unyevu, lakini hulegea ikipata joto la nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa juani laweza kulifikia. Kwa hiyo santuri zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na dirisha, zisilazwe moja juu ya nyingine. Zishikwe kwa kingo, zisiguswe kwenye mifuo. Santuri za shelaki zisioshwe kwa spiriti, kwa kuwa huyeyusha shelaki. Kaseti ziwekwe mahali pakavu, mbali na spika, kwa maana kila spika ina sumaku.

Darasani jaribio moja latosha. Mwalimu atafute santuri iliyokwisha kuharibika isiyotakiwa tena, maana jaribio hili huilima mifuo. Karatasi ikunjwe kuwa koni, pini ya kushonea ipitishwe katika ncha yake, na santuri izungushwe kwa mkono juu ya penseli. Pini ikigusa mfuo, koni itaimba, tena bila betri. Wanafunzi wazungushe kwa kasi zaidi, wasikie sauti ikipanda. Nao watakuwa wamegundua kwa masikio yao uhusiano wa kasi na idadi ya mitetemo, na siri mojawapo ya singeli.

Kazi ya pili ni ya daftari. Wanafunzi wachache wakiongozwa na mwalimu waweza kupita kwa wazee na kuandika kila santuri na kaseti iliyopo: jina la wimbo, waimbaji, namba iliyochapwa katika lebo, hali yake, na jina la mwenye mali. Wasiichukue mali ya mtu. Orodha peke yake ni hazina. Butiama ina Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, na orodha ya namna hiyo itastahili kuwekwa nakala mahali ambapo historia ya mkoa hutunzwa. Orodha hiyo itamwambia mtunzi wapi pa kuipata sauti yake, na itamwambia mnunuzi ni nani wa kuombwa idhini.

Viwimbi vya ziwani hupotea kwa sababu maji hayana kumbukumbu. Plastiki na sumaku zina kumbukumbu, lakini ya muda tu. Na muda wa kanda nyingi zilizorekodiwa miaka ya 1960 na 1970 unakaribia kwisha. Mzee aliyepiga litungu mbele ya kinasa sauti akiwa kijana, ikiwa angali hai, anaweza leo kutaja majina ya wenzake wote waliokuwapo siku ile. Mwanafunzi atakayekwenda kumwuliza mwaka huu atapata jibu.